Ile Taa ya Bluu Wodini Ilitoka Wapi?

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa mwaka 2016, alfajiri ya siku ya Jumamosi, mzima kabisa. Siku ya tatu, tukiwa tumekwisha kurudi nyumbani, mama mkwe wangu alimchukua na kumsogeza dirishani ili amwangalie vizuri. Akanyamaza. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hebu njoo utazame macho ya huyu mtoto."

Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka rangi ya binzari. Nilipombonyeza kifuani kwa kidole, pale nilipobonyeza palibaki na rangi ileile.

Jirani alituambia tumwanike kwenye jua la asubuhi, itakwisha yenyewe. Katika zahanati tuliyokwenda kwanza tuliambiwa vivyo hivyo, turudi baada ya wiki moja. Mama mkwe hakukubali. Alifunga mkaja wake, akachukua nauli kwenye fundo la khanga, na jioni ileile tulikuwa hospitali kubwa. Mtoto akatolewa damu kisiginoni, akapimwa. Muuguzi akamvua nguo zote, akambakizia nepi tu, akamfunika macho kwa kitambaa, akamlaza chini ya taa.

Taa ya namna ile sikuwahi kuiona. Ilikuwa ubao mweupe uliopangwa vitaa vidogo kama punje za mtama, vyote vya bluu, bluu kali ya kuumiza macho. Niliingiza mkono wangu chini yake nikitazamia joto, nikakuta hakuna joto la kusema. Mtoto alilala pale siku mbili, usiku na mchana, nikimtoa kwa kunyonyesha tu. Siku ya tatu kipimo cha damu kilikuwa kimeshuka na macho yake yameanza kuwa meupe.

"Dada," nilimwuliza muuguzi, "hii taa ina dawa gani ndani yake?"

Alicheka. "Mama, ni mwanga tu. Ila lazima uwe wa bluu."

Kwa nini uwe wa bluu, na mwanga huo ulipatikanaje, hakuwa na nafasi ya kunieleza, maana watoto wa wodi nzima walikuwa wanamngoja. Swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Nilichokipata kwa kusoma na kuulizia ndicho ninachowaletea leo, akina mama wenzangu, kwa kuwa habari yenyewe inatuhusu sisi kuliko nilivyodhani.

MTOTO ALIYEFUNIKWA NA PEMBE YA SHUKA

Kwanza tuyatenge magonjwa mawili yanayofanana kwa jina. Manjano ya mtoto mchanga si homa ya manjano ile inayoletwa na mbu. Chembe nyekundu za damu zinapochakaa na kuvunjika, hutoa kitu cha rangi ya njano kiitwacho bilirubini. Kazi ya kukiondoa ni ya ini, na ini la mtoto wa siku tatu bado ni geni kazini. Kwa watoto wengi manjano hayo ni kidogo na hupita. Lakini yakizidi sana, ile bilirubini huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki kiziwi, au mwenye viungo visivyomtii, au akapoteza maisha.

Aliyefungua njia ya tiba ya mwanga alikuwa mwanamke, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti katika hospitali ya Rochford, jimbo la Essex, Uingereza. Dada Ward, kama alivyoitwa, alipenda kuwatoa watoto nje uani siku za jua, akiamini hewa safi inawafaa. Kiangazi cha mwaka 1956 aliwaonyesha madaktari mtoto mmoja aliyekuwa na ngozi iliyopauka vizuri, isipokuwa pembetatu moja iliyobaki ya njano sana. Pembetatu ile ndiyo iliyokuwa imefunikwa na pembe ya shuka! Haukupita muda mrefu, chupa ya damu iliyosahauliwa dirishani ikapimwa, na bilirubini yake ikaonekana imepungua. Daktari Cremer na wenzake wakaunda kitanda chenye mirija ya taa za bluu, wakatangaza matokeo yao mwaka 1958.

Mwanga wa bluu ukipenya ngozi huibadilisha bilirubini umbo, ikawa ya namna inayoweza kutoka kwa nyongo na mkojo bila kulingoja ini. Ndiyo siri yote. Jua lina mwanga huo pia, lakini huwezi kulipima wala kuliamuru, na mtoto mchanga huungua na kukaukiwa upesi. Kwa hiyo ile habari ya kumwanika na kungoja wiki nzima haikuwa tiba.

Kwa miaka mingi hospitali zilitumia mirija mirefu. Ilifanya kazi, lakini nguvu yake ya bluu hupungua kadiri inavyozeeka, na macho ya muuguzi hayawezi kuliona hilo. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kwamba vitaa vidogo vya bluu, vile vya punje za mtama, vinaweza kuifanya kazi hiyo. Havichomi na hudumu muda mrefu sana. Wasingaliweza kusema hivyo miaka kumi nyuma, kwa sababu vitaa hivyo havikuwapo.

BAO LA MWANGA

Hapa inanibidi nieleze kidogo elimu inayoitwa fotoniki, yaani elimu ya kuutengeneza mwanga, kuuongoza na kuutumia. Msomaji mpenzi, usifunge gazeti. Kama umewahi kuona watu wakicheza bao, utaelewa.

Shaba hupitisha umeme. Kauri haipitishi. Kati ya hivyo viwili kuna vitu viitwavyo semikondakta, ambavyo hupitisha kwa masharti, na mtaalamu anaweza kuyaweka masharti hayo kwa kuchanganya ndani yake kitu kingine kidogo sana, kama chumvi kwenye mboga. Chukua vipande viwili vya namna hiyo uviunganishe. Kimoja kina kete nyingi. Kingine kina mashimo mengi yasiyo na kete. Umeme unapopita huzisukuma kete zivuke mpaka na kuangukia mashimoni, na kete inapoanguka hutoa chembe ya mwanga. Shimo likiwa na kina kifupi, mwanga ni mwekundu. Likizidi kina, ni wa kijani. Likiwa la kina kirefu zaidi, mwanga ni wa bluu. Hiyo ndiyo taa ya LED. Haina uzi unaowaka wala kioo cha kupasuka.

Ile nyekundu ilipatikana mwaka 1962, kwa kazi ya Nick Holonyak wa Marekani. Za njano na kijani zikafuata. Ya bluu ikakataa miaka 30.

Semikondakta iliyofaa ilijulikana: galiamu naitraidi. Galiamu ni metali ya ajabu, huyeyuka kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi, maana yake hata kiganjani mwako itayeyuka. Lakini kuiunganisha na naitrojeni iwe fuwele safi kunahitaji tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000. Tena fuwele hiyo hairuhusu kuota hewani, lazima iwe na sakafu ya kuotea. Sakafu waliyotumia ni yakuti samawi, kito kilekile tunachokisoma katika misingi ya mji mtakatifu, Ufunuo sura ya 21. Shida ni kwamba chembe za yakuti zimepangwa kwa nafasi tofauti na za galiamu naitraidi, tofauti ya asilimia 16 hivi. Fundi cherehani atanielewa: ni kama kushona kitambaa cha mistari juu ya kingine ambacho mistari yake ina upana tofauti. Kitajikunja na kupasuka tu. Makampuni makubwa na vyuo vingi walijaribu, wakaona aibu na hasara, wakahamia kitu kingine.

PROFESA NA MWANAFUNZI WAKE

Aliyebaki alikuwa Isamu Akasaki. Alizaliwa mwaka 1929 huko Kagoshima, kusini mwa Japani. Tangu mwaka 1973, alipokuwa katika maabara ya kampuni ya Matsushita, aliishikilia galiamu naitraidi. Mwaka 1981 alihamia Chuo Kikuu cha Nagoya awe profesa. Mwaka huohuo alieleza kazi yake kwenye mkutano wa wataalamu wa nchi mbalimbali, na hakuna aliyeuliza swali la maana. Baadaye alisema alijiona kama mtu anayetembea nyikani peke yake. Alikuwa na miaka 52.

Mwaka uliofuata alipata msaidizi, kijana wa chuo aliyeitwa Hiroshi Amano, mzaliwa wa Hamamatsu mwaka 1960. Akina mama wenye watoto wasiopenda shule wasikilize hili. Amano ameeleza mwenyewe kwamba hakuyapenda masomo alipokuwa mdogo, ukiacha hesabu, maana hakuona yanamfaa nini zaidi ya kufaulu mitihani. Alipofika chuoni, mwalimu mmoja aliwaeleza herufi ya Kijapani inayotumika kuandika neno uhandisi. Ni mistari miwili ya kulala iliyounganishwa na mmoja wa kusimama. Mwalimu akasema maana yake ni kuunganisha watu. Tangu hapo kijana akajua anasomea nini.

Fedha zilikuwa chache, na mtambo wa kununua ulikuwa ghali kupita kiasi chao. Wanafunzi wakaunda tanuri lao wenyewe kwa vifaa vilivyokwisha kutumika. Gesi haikufika vizuri kwenye kile kipande cha yakuti kwa sababu joto liliirusha juu. Wakaipitisha kwa kasi kubwa zaidi na kukiinamisha kipande. Fuwele zikatoka zenye ukungu na makovu, kama kioo kilichokwanguzwa. Wakarudia. Amano amesema alijaribu zaidi ya mara 1,500.

Taa za maabara ile ziliwaka mpaka usiku wa manane, hata watu wa chuo wakaiita ngome isiyo na usiku. Waandishi wengi huipenda sana sehemu hii. Mimi ni mke wa mtu. Najua kwamba maabara ikikesha, kuna nyumba mahali fulani ambako chakula kinapoa mezani, wala sitalipamba jambo hilo.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka 1985 tanuri lilileta matata. Halikufikia joto lililotakiwa. Mpishi yeyote anajua siku ya namna hiyo: makaa mabichi, na unga umekwisha kukandwa. Amano hakuzima. Alikumbuka habari aliyosikia ya kutanguliza tabaka jembamba la kitu kingine, akaamua kutandaza alumini naitraidi kwa lile joto dogo lililokuwapo. Baadaye tanuri lilipokubali, akapandisha joto na kuotesha galiamu naitraidi juu yake. Ni kama fundi anayetia kitambaa laini katikati ili mistari miwili isigombane.

Alipotoa kipande aliona kinang'aa kitupu kama maji. Alifikiri amekosea, kwamba amesahau kufungulia ile gesi ya galiamu na hakuna kilichoota. Akakitia kwenye darubini. Kilikuwa kimeota, safi bila kovu.

Hapo bado walikuwa na nusu ya bao tu. Upande wa kete ulipatikana kirahisi, lakini upande wa mashimo uliwashinda watu wote, hata wengine wakaandika kwamba hauwezekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, walipokuwa wakiichunguza fuwele yao chini ya hadubini inayotumia miali ya elektroni, waliona jambo wasilolitazamia: kadiri miali ilivyoipiga, fuwele ilizidi kung'aa. Wakatia magnesiamu ndani yake, wakaipiga kwa miali hiyohiyo, na mwaka 1989 upande wa mashimo ukapatikana. Amano alipata shahada yake ya udaktari mwaka huo.

Kulikuwa na mtu wa tatu, mbali na chuo chao. Shuji Nakamura alifanya kazi katika kampuni ndogo ya Nichia, mjini Anan, kisiwa cha Shikoku, naye alikuwa akiunda matanuri yake kwa mikono yake. Mwaka 1992 aligundua kwamba miali haihitajiki, kuichoma fuwele tena kunatosha, kwa sababu mkorofi alikuwa haidrojeni iliyojificha ndani na kuyaziba mashimo. Mwishoni mwa mwaka 1993 kampuni yake ikatangaza taa ya bluu yenye mwanga mkali. Kwa uvumbuzi uliokuja kuleta mabilioni alilipwa bahashishi ya yeni 20,000, fedha ya kununulia viatu. Alihamia Marekani, wakafikishana mahakamani, na mwaka 2005 wakapatana kwa yeni milioni 840 hivi. Mwaka 2014 wote watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Habari ilipotangazwa Amano alikuwa angani, ndani ya ndege ya kwenda Ulaya. Aliambiwa aliposhuka.

KUTOKA BLUU HADI NYEUPE

Huenda unasema, haya ni ya wodini, nyumbani kwangu yananihusu nini? Tazama taa iliyo juu ya kichwa chako. Mwaka 1996 ilianza kuuzwa taa ya LED nyeupe, na ukiichungulia ndani utakuta ni ileile ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu yake. Bluu na njano machoni petu huwa nyeupe. Bila bluu hakuna nyeupe.

Balbu ya zamani ya uzi ilidumu saa 1,000 hivi na kugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. LED nzuri hutoa mwanga uleule kwa umeme mdogo sana na kudumu maelfu kwa maelfu ya saa. Kwa sababu hula kidogo, kioo cha sola chenye ukubwa wa daftari kinatosha kuiwasha. Taa za sola zilizoenea vijijini kwetu, na ule mpango wa Benki ya Dunia ulioanzishwa mwaka 2007 wa kuzifikisha Afrika, visingewezekana kwa balbu ya uzi.

Nililelewa kwenye koroboi. Asubuhi tulipopenga, kitambaa kilikuwa cheusi, nasi tulidhani ndivyo pua zilivyo. Mwaka 2012 watafiti walipima taa za utambi wakakuta kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta ya taa yanayoungua hugeuka kuwa masizi meusi. Masizi hayo tuliyavuta sisi, na mama yetu zaidi yetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa karibu nayo akifuma mikeka mpaka usiku. Dada yangu ana kovu mkononi tangu koroboi ilipopinduka akiwa na miaka minne. Sina hamu yoyote ya kuikumbuka taa ile kwa mapenzi, kama wafanyavyo wengine.

Lakini nisiwadanganye kwamba taa hizi hazina kasoro. Sokoni zimejaa zile ambazo betri yake hufa miezi mitatu baada ya kununuliwa. Usinunue bila stakabadhi na hati ya dhamana, na mwambie muuzaji akuwashie mbele yako. Tena mwanga wenye bluu nyingi usiku huuchelewesha usingizi, hasa wa watoto wanaolala na simu usoni.

Na tena, tafadhali, mtu asije akamlaza mtoto mwenye manjano chini ya taa ya sebuleni. Taa ya hospitali ina bluu ya kipimo maalumu, nguvu maalumu na umbali maalumu, na mtoto hufunikwa macho na kupimwa damu. Wewe kazi yako ni kutazama. Kwa watoto wetu weusi ngozi huficha. Angalia weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo, mchana na karibu na dirisha. Manjano yakitokea kabla mtoto hajatimiza saa 24, au yakishuka mpaka miguuni, au mtoto akilala mno na kukataa ziwa, usingoje kesho. Mnyonyeshe mara nyingi, na mwende.

Profesa Akasaki alifariki tarehe 1 Aprili 2021, akiwa na miaka 92. Amano aliendelea na kazi Nagoya, na moja ya mambo yaliyomshughulisha ni taa ndogo za jamii ileile zilizoongezwa alumini, zinazotoa mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo huua vijidudu katika maji. Sisi tunaochemsha maji kila jioni na kuhesabu bei ya mkaa tutaisubiri kazi hiyo kwa hamu.

Mtoto wangu yule sasa anasoma shule ya msingi. Juzi umeme ulikatika akiwa katikati ya hesabu. Akaenda kuchukua taa ya sola dirishani, akaendelea bila hata kuniita. Nilimwambia kwamba alipokuwa na siku tatu alilala siku mbili chini ya taa ambayo ni ndugu wa hiyo. Alinitazama, akaitazama taa, akaniuliza, "Mama, nililia?"

Nikamwambia alilia wakati nilipomtoa tu.